Urefu wa Mchana na Nyakati za Ibada: Kwa Nini Magharibi Haiingii Saa Ile Ile Mwaka Mzima

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Kila Ramadhani inapokaribia, masheikh huulizwa maswali yanayofanana. Mmoja anauliza kwa nini mwaka huu magharibi inachelewa kuliko alivyozoea. Mwengine ana mtoto anayesoma Uingereza na anataka kujua kama inajuzu afutari kwa saa za Unguja. Mwengine amesikia adhana redioni akiwa safarini bara, akafungua, kisha akatoka nje na kuliona jua bado lipo. Maswali haya yote yanarudi kwenye jambo moja: mchana na usiku havina urefu mmoja mwaka mzima, wala havifanani kila mahali. Sisi watu wa visiwani tunaishi karibu na Ikweta, mabadiliko kwetu ni madogo, na kwa udogo wake ni rahisi kuyasahau. Kusahau huko kunaweza kumharibia mtu saumu au Sala bila ya yeye kujua.

Makala hii inaeleza mabadiliko hayo yanatoka wapi, kwetu ni ya kiasi gani, na yanagusa vipi ibada zetu.

Yaliyomo katika Qur-ani

Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametukumbusha pahala pengi kwamba anauingiza usiku katika mchana na mchana katika usiku, kama ilivyo katika Surat Luqman aya ya 29. Wafasiri wameeleza kuwa maana yake mojawapo ni hii: usiku hupunguzwa ukaongezwa mchana, kisha mchana hupunguzwa ukaongezwa usiku. Katika Surat Al-Muzzammil aya ya 20 tunaambiwa kuwa Allah ndiye anayeukadiria usiku na mchana. Na katika Surat Ar-Rahman aya ya 17 ametajwa kuwa Mola wa mashariki mbili na magharibi mbili. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo wamesema hizo ni sehemu linapochomoza na linapotua jua wakati wa kiangazi, na sehemu linapochomoza na linapotua wakati wa baridi. Yaani ni mipaka miwili ya mwendo wa jua katika mwaka.

Sala nayo imefungwa na nyakati maalumu (An-Nisaa, aya ya 103), na nyakati hizo zimefungwa na jua: kupinduka kwake, kuchwa kwake, kiza cha usiku na alfajiri (Al-Israa, aya ya 78). Saumu huanza kwa kubainika alfajiri na kumalizika kwa kuingia usiku (Al-Baqara, aya ya 187). Hakuna pahala tulipoamrishwa kufuata namba ya saa. Saa ni chombo cha kutusaidia tu. Alama yenyewe iko mbinguni.

Kwa nini mchana hurefuka na kufupika

Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, kisha liweke mbele ya taa. Kijiti kikisimama wima, nusu ya chungwa inapata mwanga na nusu inakuwa kizani, na ukilizungusha, kila sehemu ya ganda inakaa kwenye mwanga na kwenye kiza kwa muda sawa. Sasa kiinamishe kijiti, ncha ya juu ielekee kwenye taa, kisha zungusha tena. Sehemu za juu zitakaa kwenye mwanga muda mrefu zaidi, na za chini zitakaa kizani muda mrefu zaidi. Pale katikati, kwenye kiuno cha chungwa, mabadiliko yatakuwa madogo kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyo ardhi. Mhimili wake umeinama kwa kiasi cha nyuzi 23.4, na inalizunguka jua kwa mwaka mmoja huku mwinamo ukielekea upande ule ule. Ndiyo maana kwa miezi kadhaa upande wa kaskazini unaelekea kwenye jua, na kwa miezi mengine unaelekea upande wa kusini. Wanazuoni wa Kiislamu waliupima mwinamo huu zamani. Al-Battani, aliyefariki mwaka 929 Miladia, aliupata kuwa nyuzi 23 na dakika 35 za nyuzi, hesabu iliyo karibu sana na inayojulikana leo.

Wapo wanaodhani kuwa joto na baridi ya mwaka hutokana na ardhi kulikaribia jua au kwenda mbali nalo. Sivyo. Ardhi huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na wakati huo London wako kwenye baridi kali. Huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kiasi cha kilomita milioni 152, nao wako kwenye joto. Sababu ni mwinamo.

Siku nne za kuzijua

Katika mwaka kuna siku nne ambazo ni alama za mwendo huu.

Karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba jua huwa juu ya Ikweta. Siku hizi huitwa ikwinoksi, na Waarabu huziita i'tidaal, yaani usawa. Mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote, na jua huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa.

Karibu na tarehe 21 Juni jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini, juu ya Tropiki ya Kansa. Watu wa kaskazini hupata mchana mrefu kuliko yote katika mwaka, na sisi wa kusini hupata mfupi kuliko yote. Karibu na tarehe 21 au 22 Desemba mambo hugeuka: jua huwa juu ya Tropiki ya Kaprikoni, mchana wetu ukawa mrefu na wa kaskazini ukawa mfupi. Siku mbili hizi huitwa solistisi, na kwa Kiarabu inqilaab, kwa sababu jua hufika kikomo kisha likageuka kurudi.

Ijulikane pia kuwa mabadiliko hayaendi kwa kasi moja. Karibu na solistisi urefu wa mchana hautikisiki kwa siku nyingi. Karibu na ikwinoksi hubadilika kwa haraka. Mjini London, mwezi wa Machi mchana huongezeka kwa karibu dakika nne kila siku. Kwetu Unguja, hata katika siku za kasi zaidi, mabadiliko hayafiki nusu dakika kwa siku.

Hali ilivyo visiwani kwetu

Mji wa Zanzibar uko kiasi cha nyuzi 6 na robo hivi kusini ya Ikweta. Hapa mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, una muda wa kama saa 12 na dakika 29 kuanzia jua kuchomoza mpaka kuchwa. Mfupi kuliko yote, wa Juni, una kama saa 11 na dakika 46. Tofauti baina yao ni dakika 43 hivi. Hata siku za ikwinoksi mchana wetu huwa na saa 12 na kama dakika 7, kwa sababu hewa huupinda mwanga tukaliona jua kabla halijapanda upeoni, na kwa sababu tunahesabu kutoka ukingo wa juu wa jua, si katikati yake.

Linganisha na Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa. Huko mchana wa Juni hufika saa 13 na dakika 35 hivi, na wa Desemba hushuka hadi kama saa 10 na dakika 41. London mchana wa Juni ni kama saa 16 na dakika 38, na wa Desemba hauzidi saa 7 na dakika 50.

Ndiyo maana hesabu yetu ya saa za Kiswahili, ya saa moja asubuhi na saa moja usiku, imewafaa watu wa pwani kwa vizazi. Inaanza kuhesabu mchana kuanzia asubuhi na usiku kuanzia jioni, na kwetu vitu hivi viwili havichezi sana. Mtu wa London asingeweza kuitumia kwa raha.

Urefu wa mchana ni jambo moja, saa ya ukutani ni jambo jengine

Hapa ndipo wengi wanapotatizika. Tazama makadirio haya ya Mji wa Zanzibar. Yanaweza kupishana kwa dakika moja au mbili, kwa hiyo yasitumiwe badala ya ratiba ya msikiti:

- 20 Machi: jua huchomoza saa 12:27 asubuhi, hupinduka saa 6:31 mchana, huchwa saa 12:34 jioni.
- 21 Juni: huchomoza saa 12:32, hupinduka saa 6:25, huchwa saa 12:18.
- 23 Septemba: huchomoza saa 12:12, hupinduka saa 6:16, huchwa saa 12:19.
- 21 Desemba: huchomoza saa 12:07, hupinduka saa 6:21, huchwa saa 12:36.

Angalia Machi na Septemba. Siku zote mbili ni za usawa na mchana wake una urefu mmoja, lakini magharibi ya Machi huingia robo saa nyuma ya ile ya Septemba. Kwa nini?

Ni kwa sababu saa zetu hutembea kwa mwendo mmoja mwaka mzima, lakini jua la kweli haliko hivyo. Ardhi huenda kasi zaidi inapokuwa karibu na jua na polepole inapokuwa mbali, na mwinamo wa mhimili nao una athari yake. Matokeo yake ni kuwa zawali, yaani kupinduka kwa jua, husogea mbele na nyuma. Mwanzoni mwa Novemba zawali ya Unguja huwa kiasi cha saa 6:07 mchana. Katikati ya Februari huwa kiasi cha saa 6:37. Hiyo ni nusu saa nzima, na haihusiani na mchana kurefuka.

Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili, utaona kuwa magharibi yetu ya mapema zaidi haiko Juni, penye mchana mfupi. Iko katikati ya Mei, kiasi cha saa 12:15 jioni. Na ya kuchelewa zaidi haiko Desemba, penye mchana mrefu, bali mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, kiasi cha saa 12:48. Baina yake kuna zaidi ya nusu saa.

Ramadhani inavyozunguka na hatari iliyopo

Mwaka wetu wa Hijria unafuata mwezi na una siku 354 au 355. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka wa Miladia, na huzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Katika hili mna uadilifu mkubwa. Anayefunga mchana mrefu leo atafunga mfupi kesho, awe wa kaskazini au wa kusini.

Kwa hesabu ya alfajiri ya nyuzi 18, saumu ya Unguja huwa na kiasi cha saa 13 mwezi wa Juni na kiasi cha saa 13 na dakika 45 mwezi wa Desemba. Ni tofauti ya dakika 45 tu, na kwa mwenye afya si mzigo mkubwa. Tatizo haliko katika urefu. Tatizo liko katika mazoea.

Ramadhani ya mwaka 2019 ilianza mwanzoni mwa Mei. Katika siku zile futari ya Unguja ilikuwa kiasi cha saa 12:15 jioni, na watu wakaizoea. Ramadhani ya mwaka 2028 inatarajiwa mwisho wa Januari, kwa kutegemea muandamo, na jua wakati huo litachwa kiasi cha saa 12:48. Mwenye kuishika saa 12 na robo kichwani mwake atakuwa amekula na jua bado liko juu, zaidi ya nusu saa kabla ya wakati. Na mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwisho wa Desemba. Maana yake ni kuwa kwa miaka kadhaa mfululizo tunafunga katika msimu wa magharibi ya kuchelewa.

Hukumu ya aliyefungua kwa kudhani jua limekuchwa, kisha ikambainikia halijachwa, ni kuwa hana dhambi ikiwa alijitahidi, lakini kwa jamhuri ya wanazuoni, na ndiyo kauli ya madhehebu ya Imam Shafi'i, inamlazimu kuilipa siku hiyo. Katika Sahih al-Bukhari imo Hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (Radhiya Allahu anha) kuwa walifungua siku ya mawingu zama za Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kisha jua likatokeza. Ama mwenye kupuuza tu, asiyeangalia jua, ratiba wala adhana, huyo hana udhuru.

Na kuharakisha futari, ambako ni Sunna iliyothibiti kwa Hadithi ya Sahl bin Sa'd, ni kuharakisha baada ya jua kuchwa, si kabla yake.

Kivuli, adhuhuri na alasiri

Katika Hadithi ya Jibrili kumsalisha Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) siku mbili, adhuhuri huingia jua linapopinduka, na alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake. Mafaqihi wakabainisha: kivuli hicho ni mbali na kile kilichokuwepo wakati wa zawali. Masharti haya madogo ndiyo yanayopotea kwa wengi, na yanategemea msimu.

Simamisha kijiti cha mita moja kwenye uwanja uliosawazika, ukihakikisha kwa uzi na jiwe kuwa kimesimama wima. Hapa Unguja, wakati wa zawali utaona haya:

Mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu, na kivuli huangukia kusini kwa kiasi cha sentimita 57. Kwa hiyo alasiri huingia kivuli kinapofika kama mita 1 na sentimita 57.

Mwezi wa Desemba jua liko kusini yetu, na kivuli huangukia kaskazini kwa kiasi cha sentimita 31. Alasiri huingia kinapofika kama mita 1 na sentimita 31.

Karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba jua hupita utosini, na kijiti hakina kivuli kabisa wakati wa zawali. Alasiri huingia kivuli kinapofika mita 1.

Mwenye kungojea mita moja tu mwezi wa Juni atasali alasiri kabla ya wakati wake, na Sala kabla ya wakati haisihi kuwa ni fardhi yake. Walimu wa madrasa wawafanyishe watoto jaribio hili mara nne kwa mwaka. Ni somo la fiqhi na la jiografia kwa pamoja, na mtoto aliyeliona kwa macho yake halisahau.

Jengine: programu za simu hutoa chaguo la alasiri kwa hesabu ya Kihanafi, ambayo ni kivuli mara mbili. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i tuhakikishe tumechagua kivuli mara moja.

Pemba, Unguja na bara

Jua halichwi pamoja kila mahali, hata katika nchi moja yenye saa moja. Chake Chake iko mashariki kidogo ya Mji wa Zanzibar na karibu zaidi na Ikweta. Kwa hiyo jua hutua Chake kabla ya Mjini. Mwezi wa Juni tofauti haifiki hata dakika moja, lakini Desemba hukaribia dakika nne. Anayeishi Pemba akifungua kwa adhana ya Mjini amechelewa kidogo tu na saumu yake iko salama. Lakini wa Mjini akifungua kwa adhana ya Pemba mwezi wa Desemba, amefungua kabla ya jua kuchwa.

Kwenda bara ndani tofauti ni kubwa zaidi. Kigoma iko mbali magharibi, na zawali yake huwa kama dakika 38 nyuma ya yetu ingawa saa za mkononi ni zile zile. Mfanyabiashara au mwanafunzi aliyetoka visiwani akifungua kule kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam au Zanzibar, jua bado liko juu. Kanuni ni nyepesi: kila mtu afuate jua la pale alipo. Ukisafiri, badilisha mji katika programu ya simu au uulize msikiti wa karibu.

Jamaa zetu walioko nchi za mbali

Yule aliyeko London au mji mwengine ambao usiku na mchana vinapambanuka ndani ya saa 24, hufunga kuanzia alfajiri ya pale mpaka magharibi ya pale, mchana ukiwa mrefu au mfupi. Haijuzu kwake kufuata saa za Unguja, kwani magharibi ya Unguja si alama ya kuchwa jua kwake. Jopo la Wanazuoni Wakuu wa Saudia na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka yametoa maamuzi yenye maana hii, na wakaongeza kuwa asiyeweza kuustahamili mchana huo kwa maradhi au udhaifu wa kuogopewa, atakula na kulipa siku nyengine. Vilevile, Ramadhani ikiangukia Desemba na saumu yake ikawa kama saa 10 tu, imetimia na hana la kuongeza. Wapo wanazuoni wengine, wakiwemo wa Dar al-Iftaa ya Misri, walioruhusu makadirio pale mchana unaporefuka kupita kiasi. Aliyeko huko aiulize na kuifuata jumuiya ya Waislamu wa mji wake, asijichagulie peke yake.

Kuna tatizo la pili, nalo ni isha na alfajiri. Katika miji iliyo kaskazini zaidi ya nyuzi 48 na nusu, ikiwemo London, kwa wiki kadhaa za kiangazi jua halishuki nyuzi 18 chini ya upeo. Kwa hesabu hiyo mwanga wa jioni haumaliziki mpaka ukakutana na wa asubuhi. Hapo misikiti ya huko hutumia makadirio, na mgeni awafuate wenyeji.

Ama mahali ambapo jua halichwi kabisa, kama Tromsø huko Norway kuanzia kiasi cha tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, Sala tano hazianguki. Wanazuoni wamechukua dalili katika Hadithi ya an-Nawwas bin Sam'an iliyomo katika Sahih Muslim, kuhusu siku za Dajjal ambazo moja itakuwa kama mwaka. Sahaba waliuliza kama Sala za siku moja zitatosha, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akawaelekeza wakadirie. Basi hukadiriwa kwa mji wa karibu ambao nyakati zake zinapambanuka.

Kibla na jua

Makka iko karibu kaskazini kamili ya visiwa vyetu, ikielekea mashariki kidogo sana. Wapo wanaosema: jua lichomoze mkono wako wa kulia, hapo umeelekea kibla. Kauli hii ni sahihi siku za ikwinoksi. Mwezi wa Juni jua huchomoza zaidi ya nyuzi 23 kaskazini ya mashariki, na Desemba kiasi hicho hicho kusini yake. Mwenye kuchimba msingi wa msikiti kwa kufuata jua la Juni atapotoka sana.

Njia iliyo wazi zaidi ni kungojea siku ambazo jua huwa utosini mwa Al-Ka'aba. Hutokea tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na zetu ni moja, hivyo hakuna haja ya kubadilisha kitu. Wakati huo simamisha kijiti wima. Mstari utokao kwenye ncha ya kivuli kwenda kwenye shina la kijiti ndio unaoelekea kibla. Familia yoyote inaweza kuhakikisha kibla cha nyumba yake bila gharama.

Nini tufanye

Kwanza, tusihifadhi saa ya magharibi kichwani kwa mazoea ya mwaka uliopita. Tuangalie ratiba ya mwezi husika na ya mji wetu. Ratiba ya mwaka uliopita kwa tarehe ile ile ya Miladia inafaa kwa tofauti ndogo, lakini ya tarehe ile ile ya Hijria haifai.

Pili, wenye dhamana ya misikiti wapitie ratiba zilizobandikwa ukutani. Zamani misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, mtaalamu wa nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus katika karne ya 14. Kazi ile haikuwa ya pambo. Ibada za mji mzima zilimtegemea yeye.

Tatu, wazazi wawafundishe watoto kuliangalia jua. Siku umeme umekatika na simu imezima chaji, mtoto aliyefundishwa kivuli na kuchwa kwa jua atajua wakati wa Sala. Aliyefundishwa namba peke yake hatajua.

Tunamuomba Allah atutakabalie saumu zetu na Sala zetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa.

Wallahu a'lam.